Je, sadaka yangu inaweza kufunika ujira niliouchelewesha?

Mwenye Karakana aliandika:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nina swali lililoninyima usingizi kwa majuma matatu, nami ninalileta hapa kwa sababu kanisani kwangu nimeshindwa kulitamka. Mimi ni mzee wa kanisa, na kwa miaka sita nimekuwa katibu wa kamati ya diakonia, ile inayowatembelea wagonjwa, wajane na waliofiwa na kuwapelekea kile ambacho waumini wamechanga. Riziki yangu ninaipata katika karakana yangu ya useremala, yenye mafundi wanne na vibarua wawili. Kazi ya samani hulipwa kwa kusuasua: mteja hutoa malipo ya awali, huchukua kitanda au kabati lake, kisha salio hulikalia. Kwa hiyo imekuwa desturi yangu kuwaambia mafundi wavumilie juma moja, mawili, na mara nyingine mwezi mzima, mpaka wateja walipe. Hawajawahi kunigomea wala kunipandishia sauti, nami nikauchukua ukimya wao kuwa ni ridhaa.

Majuma matatu yaliyopita kamati yetu ilipewa jina la mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa ametoka kulazwa. Tulikwenda watu watano, tukasoma neno, tukaomba, nami nikakabidhi bahasha. Yule mama aliipokea kwa mikono miwili na kunitazama kwa namna ambayo sikuielewa mpaka mume wake alipoingia akitoka kazini, akiwa bado na vumbi la mbao kwenye nywele. Ni fundi wangu. Amenifanyia kazi miaka mitatu, na sikuwa nimewahi kufika kwake.

Juu ya meza palikuwa na kidaftari kilichochanika jalada, kimefunguliwa. Kulikuwa na safu ya tarehe, safu ya alama za vema kwa kila siku aliyofanya kazi, na pembeni, kwa mwandiko mwingine, neno moja lililorudiwa kutoka juu ya ukurasa hadi chini: bado, bado, bado. Wenzangu walipokuwa wakiimba wimbo wa kuagia, mimi nilikuwa nikihesabu. Zilikuwa siku 31. Bahasha niliyoikabidhi haikufikia hata nusu ya kile ambacho nyumba ile ilikuwa ikinidai.

Fundi alinishukuru mbele ya wajumbe wote. Hakusema neno jingine, wala mimi sikusema.

Nauliza: huduma yangu ya miaka hii yote ilikuwa nini mbele za Mungu? Je, haki na huruma ni vitu viwili, hivi kwamba mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa kingine? Na nifanye nini siku ambazo kweli sina fedha, kwa kuwa na mimi ninadai watu wasiolipa? Sitafuti kufarijiwa. Natafuta kuambiwa kweli.

Mtumishi wa Neema alijibu:

Ndugu mpendwa, pole kwa mzigo huu. Nakusihi usimpe mshitaki wetu nafasi ya kukuhukumu. Tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Ndivyo tunavyosoma katika Waefeso 2:8-9. Mungu anaujua moyo wako, na anajua kwamba hukuwachelewesha watu hao kwa ubaya bali kwa kubanwa na biashara. Tubu, pokea msamaha, kisha uendelee na huduma yako kwa amani.

Mwalimu wa Shule ya Jumapili alijibu:

Shalom, mzee wangu, na wewe pia Mtumishi wa Neema.

Naanza na wewe, mtumishi, kwa heshima yote. Ulichosema kuhusu neema ni kweli tupu, lakini umekomea mstari mmoja kabla ya Paulo kumaliza. Mstari wa 10 unasema kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema ambayo Mungu aliyatengeneza tangu awali. Tena ndugu yetu hakuuliza kama ataingia mbinguni. Ameuliza kuhusu siku 31 za mtu mwingine, na msamaha wa Mungu, hata ukipokewa leo kwa machozi, hauziondoi siku hizo katika kile kidaftari. Waswahili wanasema dawa ya deni ni kulipa, na sijaona mahali Biblia inapotoa dawa nyingine.

Sasa mzee, kuhusu kama haki na huruma ni vitu viwili. Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Neno sadaka tumelipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa pia neno kusadiki. Katika Kiebrania, lugha ya manabii, mzizi wa jamaa hiyohiyo umo katika neno tsedaka, ambalo katika Agano la Kale maana yake ni haki au uadilifu, na ambalo baadaye Wayahudi walilitumia pia kwa msaada unaotolewa kwa maskini. Kwa hiyo imani, haki na utoaji vinatoka katika shina moja. Sisi ndio tuliovitenganisha, tukaiweka imani katika wimbo, utoaji katika bahasha, na haki tukawaachia mahakimu.

Lakini vinapotenganishwa hivyo, Maandiko hayaoni haya kuonyesha kipi kinatangulia. Isaya 58 inasomwa sana makanisani mwetu nyakati za mfungo, hasa ile sehemu ya kumgawia mwenye njaa chakula na kumvika aliye uchi. Wachache husoma kwa sauti mstari wa tatu, ambapo watu wanamuuliza Mungu kwa nini haoni kufunga kwao, na jibu ni kwamba siku hiyohiyo ya kufunga wanawalemea wote wanaowafanyia kazi. Walikuwa watu wa dini kwelikweli. Mfungo wao haukuwa wa kuigiza. Kilichoharibika kilikuwa baina yao na wafanyakazi wao, na kwa ajili ya hicho maombi hayakupanda.

Torati nayo inaitaja hali yako karibu kwa jina. Mambo ya Walawi 19:13 inaagiza kwamba ujira wa aliyeajiriwa usikae kwako usiku kucha hata asubuhi, na agizo hilo limewekwa katika mstari uleule unaokataza kudhulumu na kunyang'anya. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaongeza sababu ambayo kila mara hunigusa: mtu huyo ni maskini, na moyo wake umeutumainia ujira huo. Sheria hii haiangalii kama mwajiri ana nia mbaya. Inaangalia jua linapotua, na mtu anayerudi nyumbani mikono mitupu. Bwana wetu, ambaye watu wa kwao walimwita seremala (Marko 6:3), aliijua saa hiyo. Katika mfano wake wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, ilipokuwa jioni mwenye shamba anamwambia msimamizi awaite wafanya kazi na kuwalipa. Tumezoea kuuhubiri mfano huo kwa sababu ya ukarimu wa yule bwana kwa waliokuja saa ya kumi na moja, lakini ukarimu ule ulijengwa juu ya kitu ambacho hakuna aliyelazimika kukitaja: kila mtu alilipwa siku ileile.

Kuhusu huduma yako ya miaka sita, sitakuambia kwamba ilikuwa bure. Wale wajane walifarijiwa kweli. Nitakuelekeza tu kwenye Mathayo 5:23-24, ambapo mtu amekwisha kufika madhabahuni na sadaka yake mkononi, ndipo anakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Yesu hamwambii aitupe sadaka, wala hamwambii aitoe haraka ili imtulize. Anamwambia aiache palepale, aende apatane kwanza na ndugu yake, kisha arudi aitoe. Wewe, mzee, ulikumbuka ukiwa umesimama sebuleni kwa huyo ndugu mwenyewe.

Kibarua wa Zamani alijibu:

Nimesoma yote, na naomba niseme kwa niaba ya upande ambao hauandiki sana mambo haya.

Nilifanya kazi ya kutwa kwa miaka 11, sehemu kubwa ya hiyo kwa mwajiri mmoja aliyempenda Mungu. Tulikuwa tukianza asubuhi kwa sala. Mwajiri yule alinifundisha kusoma Zaburi, alinitembelea nilipovunjika mkono, na alinicheleweshea ujira karibu kila mwezi. Nakuambia hili, mzee, kwa sababu umeandika kwamba uliuchukua ukimya wao kuwa ridhaa. Mimi nilikuwa kimya kwa sababu nilifanya hesabu. Nikidai, kuna uwezekano wa kulipwa kesho, na kuna uwezekano wa kuambiwa kesho nisije. Nilikuwa na watoto wawili, kwa hiyo sikuthubutu kujaribu. Na kwa kuwa alikuwa mwema kwangu katika mambo mengine, kumdai kulionekana kama utovu wa shukrani. Wema wake ulinifunga mdomo kuliko ukali ungeweza kufanya.

Jambo ambalo waajiri hawalioni ni safari ya yale majuma mawili. Mshahara ukichelewa, mke wangu alikopa dukani, na aliyekopa hachagui bei. Kodi ya chumba ilichelewa, nami nikawa nikipita mlango wa nyuma nisikutane na mwenye nyumba. Mtoto alirudishwa nyumbani kutoka shuleni, akakaa siku nne, na siku hizo hakuna aliyezirudisha fedha zilipokuja. Ujira ulipofika ulikuwa kamili kwa hesabu ya mwajiri, lakini kwangu ulikuwa umekwisha kuliwa pembeni. Kisha Jumapili niliketi nyuma yake kanisani, nikamwona akitumbukiza kikapuni noti iliyokunjwa, na Mungu anisamehe, sikuweza kuimba.

Ayubu, alipokuwa akijitetea mbele za Mungu, alitaja jambo hili katika sura ya 31. Alisema kwamba hakuidharau haki ya mtumishi wake aliposhindana naye, kwa kuwa aliyemuumba yeye tumboni ndiye aliyemuumba na mtumishi. Kumbe watumishi wa Ayubu waliweza kushindana naye! Waliweza kuja kulalamika na wakasikilizwa. Huo ndio wema ambao ningeutaka kwa mwajiri wangu kabla ya kutembelewa hospitalini.

Ukienda kwa fundi wako usiende kumwomba msamaha tu, maana atakupa papo hapo, hana namna nyingine. Nenda na fedha.

Mhasibu alijibu:

Ndugu Mwenye Karakana, hukupata bado jibu la swali lako la mwisho, lile la siku usizokuwa na fedha, nami kazi yangu ni vitabu vya hesabu, kwa hiyo nitalishika hilo peke yake.

Mteja wako anapokaa na salio lako, wewe unakuwa umemkopesha bila kutaka. Unapomwambia fundi asubiri, mkopo huo unauhamishia kwake. Yaani fundi ndiye anayemkopesha mtu aliyenunua kabati, bila riba, bila dhamana, na bila kuulizwa. Katika mnyororo mzima wa watu watatu, umemchagua mwenye akiba ndogo kuliko wote abebe mkopo. Sidhani kama uliwahi kuliona hivyo. Wengi tunaoandika hesabu tunaliona, na mara nyingi tunanyamaza.

Hata sheria za dunia zimelikubali jambo hili. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka mishahara ilipwe kwa vipindi maalumu, na unataka mwajiri akifilisika wafanyakazi wahesabiwe kuwa wadai wenye kipaumbele. Ikiwa mfanyakazi anatangulia hata pale biashara inapokufa, ni vigumu kueleza kwa nini awe wa mwisho wakati biashara ingali hai na wewe bado unanunua mbao.

Kwa vitendo, gawanya malipo ya awali siku yanapoingia. Kabla hujanunua ubao hata mmoja, ondoa ujira wa siku ambazo kazi hiyo itachukua, uuweke kando katika akaunti au kisanduku ambacho hakiguswi kwa jambo lingine. Ikiwa malipo ya awali hayatoshi mbao na ujira kwa pamoja, basi unatoza malipo ya awali madogo mno, na hilo ni la kusahihisha kwa mteja, wala si kwa fundi. Kabati lisitoke karakanani kabla salio halijalipwa. Utapoteza wateja kadhaa. Hata hivyo itakuja siku utakapokwama kweli, na siku hiyo waambie mafundi mapema, kabla hawajaifanya kazi, ili wachague wenyewe kuendelea au kutafuta kibarua kwingine juma hilo. Mtu aliyeombwa kabla anaweza kukataa, lakini aliyeambiwa baada ya kumaliza kazi hana tena cha kukataa.

Na wewe mwenyewe ujilipe wa mwisho. Najua hili ni gumu, maana hata wewe una nyumba, lakini faida ya karakana ni yako, hivyo na hasara ianzie kwako.

Msomaji wa Historia alijibu:

Naongeza kidogo tu. Kanisa halijawahi kulichukulia suala hili kuwa la pembeni. Yohane Krisostomo, aliyekuja kuwa askofu wa Konstantinopoli mwaka 398, alipokuwa akihubiri Injili ya Mathayo aliwaambia waumini wasidhani inatosha kuwanyang'anya wajane na yatima kisha kuleta kikombe cha dhahabu kwa ajili ya meza ya Bwana. Sisi Wakatoliki tunafundishwa katika katekisimu kwamba kumdhulumu mfanyakazi ujira wake ni miongoni mwa dhambi zinazolia mbinguni, pamoja na ile damu ya Habili, na Papa Leo wa 13 alilirudia hilo mwaka 1891 akitumia maneno ya Yakobo 5:4 kuhusu ujira uliozuiwa.

Lakini mtu ninayemfikiria zaidi nikisoma swali lako ni John Woolman, fundi cherehani wa karne ya 18 huko Marekani, mfuasi wa Jumuiya ya Marafiki, ambao wengi huwaita Wakweka. Alipokuwa kijana, mwajiri wake alimwagiza aandike hati ya kumuuza mwanamke mtumwa. Aliiandika, huku dhamiri ikimchoma, na baada ya hapo akakataa kuandika tena karatasi za namna hiyo. Baadaye, alipokuwa akisafiri kuhubiri na kulazwa katika nyumba za Marafiki wenzake waliokuwa na watumwa, aliacha fedha kwa ajili ya wale watumwa waliomhudumia. Fikiria ugumu wa jambo hilo: umekaribishwa bure na ndugu katika imani, nawe asubuhi unawalipa watu wa nyumba yake ambao yeye hawalipi. Hakumtukana mwenyeji wake. Alikataa tu kupokea kazi ya mtu bila kuilipa. Woolman alifariki mwaka 1772, na miaka minne baadaye, mwaka 1776, mkutano wa mwaka wa Marafiki wa Philadelphia uliwakataza washirika wake kumiliki watumwa.

Mwenye Karakana aliandika:

Wapendwa, nawashukuru, hasa Kibarua wa Zamani, ambaye maneno yake niliyasoma nikiwa nimesimama kwa sababu sikuweza kuketi.

Nimeuza mashine moja ya kupasulia mbao ambayo nilikuwa nimeinunua mwaka jana. Jumamosi baada ya kazi niliwaita mafundi wote na vibarua, nikawaomba kila mmoja alete hesabu yake mwenyewe, si ile iliyo katika kitabu changu. Zilipishana na zangu kwa watu wawili, na katika zote mbili wao ndio waliokuwa sahihi. Nililipa malimbikizo yote. Nilikuwa nimesoma Hesabu 5:7, ambapo mtu aliyemkosa mwenzake anaungama, anarudisha kwa ukamilifu na kuongeza sehemu ya tano, nami niliongeza hiyo sehemu ya tano juu ya kila jina. Mmoja wa vibarua alidhani nimekosea kuhesabu na akanirudishia. Nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya kile alichokopa wakati akinisubiri. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia kiasi alichokopa na kwa riba gani. Sehemu ya tano ilikuwa haitoshi. Nikampa na salio hilo.

Kuhusu kamati, nimemweleza mchungaji kila kitu na kuomba nipumzishwe ukatibu. Yeye amesema tutazungumza tena baada ya miezi mitatu, na kwamba katika muda huo kazi yangu ya diakonia ni karakana. Mpango wa Mhasibu nimeuanza Jumatatu. Mteja wa kwanza kusikia kiasi kipya cha malipo ya awali aliondoka bila kuaga, na wa pili alilipa.

Yule fundi wa kidaftari alikuwa wa mwisho kuondoka siku ile ya Jumamosi. Alikuwa amekileta kwenye mfuko wa shati. Alihesabu fedha mara mbili juu ya meza ya randa, akakifungua kwenye ukurasa ule, kisha akanipa kalamu na kusema kwamba mkewe ameagiza tarehe ya malipo iandikwe na mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele ya kila "bado".

Niliandika mara 31.